Kwa nini darasa linapiga kelele badala ya kuimba: kufundisha sauti na misingi ya muziki shule ya msingi

Mwalimu anaingia darasa la pili lenye watoto 70, anaanzisha wimbo kwa sauti yake ya kila siku, anahimiza, "Sitaki uvivu, nataka kusikia sauti zenu!" Watoto wanamjibu kwa kelele inayofika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Kila mtu amefurahi, lakini muziki haujafundishwa. Ukisikiliza kwa makini, utakuta baadhi yao wanatamka maneno tu bila mahadhi, wengine wanaburuza wimbo chini ya wenzao, na hao ndio watakaoambiwa siku moja kwamba hawakujaliwa sauti. Katika hali nyingi masikio yao ni mazima kabisa. Walichokosa ni noti ya kuanzia inayolingana na koo lao.

Makazi ya sauti ya mtoto

Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi na nyembamba, ndiyo maana sauti yake hukaa juu kuliko ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 au 7 huimba kwa raha kuanzia D iliyo jirani na C ya kati ya kinanda hadi A iliyo juu yake, yaani noti tano tu. Akifika miaka 8 au 9, eneo hilo hupanuka na kuwa oktavu nzima, kutoka C ya kati hadi C inayofuata. Watoto wa darasa la sita wengi hushuka kidogo chini ya C ya kati na kupanda hadi D au E ya juu, mradi wamezoeshwa.

Sasa mtazame mwalimu. Mwanamke anayeanzisha wimbo bila kufikiri huangukia mara nyingi kwenye G au A iliyo chini ya C ya kati, kwa sababu ndipo sauti yake ya mazungumzo inapokaa. Mtoto akishushwa huko hana cha kuimbia. Anayo sauti ya kusemea tu, na akiambiwa aongeze, anaongeza nguvu. Mwalimu mwanamume ana mtihani mwingine: anaimba oktavu nzima chini ya watoto, na mtoto wa darasa la kwanza bado hajui kuhamisha alichosikia akakileta juu. Anajaribu kumfuata mwalimu kule kule shimoni, na anachotoa ni mkwaruzo. Mwalimu wa namna hiyo aimbe mfano kwa sauti nyembamba ya juu, au amteue mtoto mmoja mwenye sauti thabiti awe ndiye anayetoa mfano kwa wenzake. Njia hii ya pili ni bora zaidi, kwani mtoto huigiza sauti ya mtoto mwenzake kwa urahisi kuliko ya mtu mzima.

Kinanda si lazima. Simu yenye programu ya kupimia nyuzi za gitaa inatosha, na hata filimbi ya plastiki au melodika itafaa. Kabla ya kipindi, upitie wimbo na kutafuta noti yake ya juu kabisa na ya chini kabisa. Wimbo unaotembea kutoka do hadi la (katika ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti) una noti sita. Ukiweka do kwenye D, la itaangukia B, ambayo kwa mtoto wa miaka 7 si tatizo ikiwa ni noti ya kupita tu. Ukiweka do kwenye A ya chini, wimbo ule ule utaanzia mahali ambapo nusu ya darasa haifiki.

Mfano ulio wazi kuliko yote husikika kila asubuhi kwenye mstari. Wimbo wa taifa wa Tanzania umejengwa juu ya mahadhi ya Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyeyatunga mwaka 1897 na kuyaandika kwa sol-fa, yaani kwa herufi za do, re, mi, na Tanganyika iliyachukua ilipopata uhuru mwaka 1961. Mahadhi hayo yanaimbika vizuri na watoto. Kinachoyaharibu ni kwamba kiranja huanzia popote koo lake lilipoamkia siku hiyo. Akianza chini, sehemu za chini zinamezwa; akianza juu, sehemu za juu zinageuka mayowe. Mpe kiranja huyo noti moja kutoka kwenye filimbi kabla hajafungua mdomo, na shule nzima itaimba tofauti wiki hiyo hiyo.

Kumtambulisha mtoto kwa sauti yake

Watoto wengi hawajui kwamba wana sauti mbili: ya kusemea, inayotoka kifuani, na ya kuimbia, nyepesi, ambayo huisikia kana kwamba inazunguka kichwani. Kuieleza kwa maneno hakusaidii. Waambie waige king'ora cha gari la wagonjwa, kwa irabu ya "u", kikianza chini kabisa, kikipanda hadi juu na kurudi. Mara tano zinatosha. Kisha waite mwenzao aliye ng'ambo ya uwanja, "Ee Ju-maaa!" Kila mtoto anayemwita mtu wa mbali hupanda mwenyewe hadi kwenye sauti ile nyepesi bila kufundishwa.

Hapa lugha yetu inatupa zawadi mbili. Ya kwanza ni irabu tano safi, a, e, i, o, u, zisizoyumba katikati ya noti. Ya pili ni "ng'". Shika "ng'" ya ng'ombe kwa mpigo mmoja mrefu, mdomo ukiwa wazi kidogo na taya limelegea, halafu ifungue polepole iwe "a": ng'ng'ng'-aaa. Sauti huja mbele yenyewe, bila kusukumwa na koo. Mtoto anayezungumza Kiswahili hahitaji kufunzwa sauti hii. Anayo tangu alipoanza kusema.

Pumzi isifundishwe kwa hotuba kuhusu mapafu. Watoto wavute hewa kimya kimya kama wanaonusa maandazi yanayotoka jikoni, mabega yakitulia, kisha waitoe kwa "sss" huku mwalimu akihesabu hadi 8. Baada ya wiki kadhaa hesabu ifike 12, halafu 16. Mabega yakipanda, hewa imeishia juu ya kifua na haitadumu. Wakiishiwa hesabu ikiwa 5, mara nyingi wameimwaga yote mwanzoni, kwa hiyo waambie "sss" iwe nyembamba kama upepo unaopita tundu la ufunguo.

Na amri ya "imbeni kwa nguvu" ifutwe kabisa. Kupiga kelele kila siku huweza kuotesha vinundu kwenye nyuzi za sauti, na watoto wanavipata. Mtoto ambaye sauti yake imekwaruza kwa wiki tatu mfululizo bila mafua aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Ukitaka sauti isikike mbali, omba midomo ifunguke na konsonanti zitamkwe vizuri.

Anayekosa noti

Huwezi kusaidia watoto 70 bila kumsikia kila mmoja peke yake, na hilo linaonekana haliwezekani hadi utumie mahudhurio. Ita jina kwa noti mbili zinazoshuka, so kisha mi, naye ajibu "ni-po" kwa noti zile zile. Sikiliza kumi kila kipindi. Baada ya vipindi saba darasa zima limepita. Weka alama kwenye daftari, bila kutangaza lolote.

Utakuta makundi matatu. Wa kwanza hawaimbi, wanasema. Hawa wanahitaji king'ora na mwito wa mbali, tena kwa siku nyingi, mpaka waisikie ile sauti nyepesi. Wa pili wana mahadhi sahihi lakini yako chini: anaimba umbo lote la wimbo barabara, noti nne au tano chini ya wenzake. Huyu ndiye anayeonewa zaidi. Usimwambie "panda, panda". Nenda alipo. Imba noti anayoitoa yeye, hata kama ni ya chini, mpaka sauti zenu zigusane naye atambue jinsi kulingana kunavyosikika. Kisha mpandishe nusu toni (umbali wa kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata mara moja, kiwe cheupe au cheusi), tena nusu toni. Dakika mbili kwa wiki kwa miezi miwili huweza kumfikisha. Kundi la tatu ni la wanaoimba kwa nguvu kiasi kwamba hawawasikii wengine. Kwao, punguza sauti ya darasa zima iwe nusu na kila mmoja aweke kiganja nyuma ya sikio moja, kama afanyavyo mwadhini. Wengi hujirekebisha hapo hapo.

Kumweka mtoto mstari wa nyuma au kumwambia achezeshe midomo tu ni kumfungia mlango kwa miaka mingi. Mahali pake ni mstari wa mbele, katikati ya wawili wenye sauti thabiti, ili noti sahihi imwingie kwa masikio yote mawili.

Kuna pia tatizo la darasa zima: wimbo ulioanza kwenye D unamalizika kwenye C. Hushuka hasa mahali noti moja inaporudiwa mara nyingi, na mahadhi yanaposhuka hatua kwa hatua, kwa sababu watoto hushuka hatua kubwa kuliko inavyotakiwa. Waelekeze wafikirie kila noti inayorudiwa kuwa juu kidogo ya iliyotangulia. Kama bado wanazama, anzisha wimbo nusu toni juu. Mara nyingi ufunguo, yaani noti iliyowekewa do, ulikuwa unawaelemea kwa chini.

Mapigo, maneno na Kiswahili

Mambo mawili huchanganywa hata na walimu: mapigo na mdundo. Mapigo ni mwendo usiobadilika, kama hatua za mtu anayetembea. Mdundo ni mpangilio wa sauti ndefu na fupi juu ya mwendo huo, na katika wimbo hufuata silabi za maneno. Nusu ya darasa itembee mahali pamoja, nusu ipige makofi kwa kila silabi, kisha wabadilishane. Asiyeelewa tofauti ataielewa kwa miguu yake.

Mwendo usiwe wa pole mno. Mapigo 60 kwa dakika, sawa na mshale wa sekunde, ni kazi ngumu kwa mtoto wa miaka 6. Mapigo 100 hadi 120 yanakaribia hatua zake za kawaida. Darasa likianza kukimbia, na litakimbia, angalia mikono. Makofi makubwa ya mikono miwili huleta msisimko na kuongeza kasi. Wapige kwa vidole viwili kwenye kiganja, na miguu iendelee kutembea.

Ili kufundisha urefu wa noti, wengi hutumia "ta" kwa pigo moja na "ti-ti" kwa nusu mbili. Majina ya matunda yanapendeza zaidi, lakini yanahitaji uangalifu ambao vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine havina. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. NDI-zi inakaa vyema juu ya pigo moja lililogawanywa mara mbili. Pa-ra-CHI-chi inataka mapigo mawili, "chi" ya kwanza ikiangukia mwanzo wa pigo la pili. Na-NA-si haiwezi kuanza kwenye pigo. "Na" ya kwanza lazima itangulie, kama mtu anayeinua mguu kabla ya kukanyaga. Ukiilazimisha ianze kwenye pigo, watoto watatamka NA-na-si, na masikio yao yatajua kuna kitu kimekosewa.

Kosa hilo hilo limejaa katika nyimbo zilizotafsiriwa juu ya mahadhi ya Ulaya, ambapo "kitabu" huimbwa KI-ta-BU. Ukitunga wimbo wa darasani, tamka sentensi kwanza, piga makofi kwenye mikazo, halafu tafuta mahadhi.

Kwa upande wa mdundo, watoto wetu huja shuleni wakiwa mbele ya mtaala. Michezo yao ya makofi na kamba ina migongano ambayo mwanafunzi wa piano huifikia baada ya miaka. Itumie. Hesabuni hadi 6 kwa mwendo wa ngoma. Kundi la kwanza lipige kwenye 1 na 4, la pili kwenye 1, 3 na 5. Yote mawili yakidumu kwa mizunguko minane bila kundi moja kuvutwa na jingine, darasa hilo limeshaelewa mapigo ya mafungu mawili na matatu kwa pamoja. Likishindwa, tatizo huwa kwenye 4, maana kundi la kwanza hutamani kuihamishia kwenye 3 au 5. Waambie wakanyage mguu kwenye 4.

Do, re, mi, lakini so na mi kwanza

Ngazi ya do hadi do ina noti nane, na wengi huifundisha yote kwa siku moja, kama alfabeti. Watoto huikariri, wala hawaisikii. Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyefariki mwaka 1967, alijenga elimu ya muziki ya watoto juu ya nyimbo za asili za nchi yake, na walimu wanaofuata njia yake huanza na so na mi: umbali ule ule wa mwito wa mbali uliotajwa hapo juu. Baadaye huongezwa la, kisha do na re. Noti hizo tano hazina nusu toni kati yao, kwa hiyo watoto wakiimba kwa kufukuzana, kundi la pili likianza wimbo ule ule nyuma ya la kwanza, hazigongani vibaya. Fa na ti huja mwisho, kwani mi na fa, na ti na do, zimetengwa kwa nusu toni tu, na nusu toni ndiyo mtoto hukosa mara nyingi. Muhula wa kwanza uishie kwenye so, mi na la. Mwaka wa kwanza ukimalizika na noti tano, umeenda vizuri.

Ishara za mkono husaidia kuliko maelezo. Do ni ngumi usawa wa kiuno. Re ni kiganja kilichonyooka kikiinuka kwa mshazari. Mi ni kiganja kilicholala, kikitazama chini. Fa ni ngumi yenye gumba linaloelekea chini, so ni kiganja kinachokutazama, la ni mkono ulioning'inia kutoka kifundo, na ti ni kidole cha shahada kinachoelekea juu. Do ya juu ni ngumi tena, usawa wa paji la uso. Kila ishara ipande juu ya ile iliyotangulia. Mwalimu anayezionyesha zote mbele ya kifua ameua maana yake.

Tahadhari moja kwa shule zenye watoto waliotoka Kongo au Burundi. Katika mafunzo yanayofuata mfumo wa Kifaransa, do ni jina la C, daima, na noti ya saba huitwa si. Kwa sol-fa yetu, iliyokuzwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, do huhama kufuata ufunguo. Watoto wawili wanaweza kubishana kila mmoja akiwa sahihi.

Wala usidhani kila wimbo utaingia kwenye ngazi hii. Sauti za zeze na ilimba (ala inayochezwa kwa vidole gumba) za Wagogo hazikai sawasawa na vitufe vya kinanda, na taarabu ina noti zinazopita kati ya vitufe. Mtoto wa Dodoma au Unguja anayeimba wimbo wa kwao asisahihishwe kwa kinanda.

Kuandika

Mtoto aandike alichokwisha kuimba, kamwe si kinyume chake. Sol-fa inahitaji chaki tu, na siri yake iko kwenye alama ndogo ambazo watu huziacha wanaponakili:

| d : r | m : d |

| s.s : m | d : – |

Nukta mbili hutenganisha mapigo, mstari wima hufunga fungu, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, na kistari hurefusha noti iliyotangulia. Nafasi tupu baada ya nukta mbili ni kimya. Ukifuta alama na kubakiza "d r m d s s m d", umeacha mahadhi bila mdundo, na kila mtoto atabuni wake. Herufi yenye kikoma chini (s,) ni ya oktavu ya chini. Yenye alama juu, d', ni ya juu. Mistari mitano ya noti isubiri darasa la tano, ambapo ni vizuri kuianza pamoja na filimbi kwa noti za B, A na G. Filimbi ikilia vikali, mtoto anapuliza kwa nguvu mno au kidole hakijafunika tundu lote. Kila mtoto awe na yake.

Kama hakuna fedha za filimbi, manyanga ya makopo yanatosha. Weka nafaka robo ya kopo tu, kwani likijaa sauti inafifia. Chupa zenye maji hufundisha jambo zuri: ukizigonga, yenye maji mengi hutoa sauti ya chini, ukizipuliza mdomoni, ndiyo inayotoa ya juu. Katika kugonga kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji, katika kupuliza ni hewa iliyobaki.

Kipindi cha dakika 30, na sauti zinazovunjika

Dakika tatu za pumzi na king'ora, tano za mahudhurio ya kuimba, kumi za wimbo mpya, saba za ishara au mdundo, na zilizobaki ziwe za wimbo wanaoupenda. Wimbo mpya uimbwe mzima mara mbili watoto wakiwa kimya, kisha kifungu kwa kifungu: mwalimu anaimba, ananyamaza, wanaitika. Kunyamaza ndiko kunakosahauliwa. Mwalimu anayeimba pamoja nao muda wote hawasikii wanapokosea, nao hawajisikii. Unganisha cha kwanza na cha pili kabla ya kufundisha cha tatu, na maneno yasiwe ubaoni mpaka mahadhi yameshika. Sauti ya pili iletwe baada ya kuimba kwa kufukuzana kuwa rahisi, kwa kawaida kuanzia miaka 9 au 10; kabla ya hapo, kundi moja likishikilia do huku jingine likiimba wimbo wa noti tano, tayari ni somo la kutosha.

Darasa la sita na la saba, baadhi ya wavulana huanza kubalehe, na sauti iliyokuwa ikipaa inakatika katikati ya neno. Wenzao watacheka. Waeleze wote mapema kwamba nyuzi zake zinarefuka na kuwa nene, wala sauti haijaharibika. Asiachishwe kuimba, wala asilazimishwe sauti ya kwanza. Mtafutie noti nne au tano anazozimudu wiki hiyo, mtungie kiitikio ndani yake, na zipime upya kila mwezi, kwa sababu zitakuwa zimeshuka.